Mvua ya Jana

Jumatatu, 12 Machi. Kipimo 4.2

Fomu ya mvua ina safu moja ya maelezo, na upana wake ni vidole viwili. Kwa miaka ishirini na miwili vidole viwili vimenitosha. Nimeandika humo "upepo", "radi", "mawe", na mara moja "mbuzi kaangusha kipima". Leo nina jambo lisiloenea humo, ndiyo maana nimenunua daftari hili.

Ukuta mpya wa kuzuia udongo, ulio nyuma ya madarasa ya watoto wadogo, umepata ufa. Unaanzia juu na kushuka mshazari, urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi ncha ya kidole. Njiti ya kiberiti inaingia ndani yake na kucheza. Wiki iliyopita haikuingia.

Mimi ni mfagiaji wa shule. Kipima mvua aliniachia mwalimu wa jiografia alipohamishwa, akasema nishike funguo kwa wiki mbili. Kila siku saa tatu asubuhi namimina maji ya chupa kwenye gilasi ya kupimia, nasoma, naandika. Mwisho wa mwezi fomu inakwenda ofisi za mji. Kazi hii haina malipo. Watoto wananiita Mama Mvua, kana kwamba mimi ndiye ninayeileta.

Jumanne, 13 Machi. 0.0

Jua. Nimefua.

Jumatano, 14 Machi. 11.6

Nimempeleka Mwalimu Mkuu nyuma ya madarasa. Aliutazama ufa kama mtu anavyomtazama mgeni aliyefika wakati wa chakula. Akasema ukuta ulishakabidhiwa, una cheti, na cheti kina sahihi ya Mhandisi wa Mji. Nikamwambia ufa umeanza baada ya cheti.

"Ule si ufa, mama," akasema. "Ukuta unatulia."

Ukuta huu ni mrefu. Unaanza shuleni, unavuka uzio, unashuka nyuma ya vyumba kumi na viwili vya kupanga kando ya barabara. Ulijengwa mwaka jana kwa miezi mitatu na mkandarasi ambaye mji mzima unamwita Zege. Mafundi wake wenyewe husema alipewa jina hilo kwa sababu ndicho kitu anachopungukiwa.

Ijumaa, 16 Machi. 2.0

Mwanangu na mumewe walikuja. Mkwe wangu ni karani ofisi za mji, na fomu zangu hupitia mezani kwake. Ni kijana wa adabu, hanitazami usoni akizungumza nami, na hula kama vile chakula ni cha mtu mwingine. Leo aliuliza kwa nini kipimo ninachosoma tarehe kumi na mbili nakiandika kwenye mstari wa tarehe kumi na moja. Nikamweleza: maji ninayoyakuta saa tatu asubuhi yamenyesha toka saa tatu ya jana, kwa hiyo ni mvua ya jana. Wapimaji wote hufanya hivyo. Imeandikwa juu ya fomu.

Alicheka kidogo. Amezipiga chapa fomu hizo miaka minne.

"Nani anasoma kichwa cha fomu, mama? Watu wanatafuta pa kutia sahihi."

Ijumaa, 23 Machi. 8.8

Njiti mbili zinaingia.

Jumatatu, 2 Aprili. 17.1

Nimeenda mwenyewe ofisi za mji, idara ya ujenzi. Nilikaa kutoka saa nne hadi saa nane. Waliniuliza nimetumwa na nani. Nikasema na ufa. Wakacheka, wakaandika jina langu kwenye kitabu cha wageni, kwenye safu ya "sababu ya kufika" wakaweka "salamu".

Alhamisi, 5 Aprili. 6.3

Fundi viatu anayepanga chumba cha nne chini ya ukuta amenishonea ndala. Amesema udongo umeanza kupenya nyuma ya kitanda chake, asubuhi anaufagia kama mimi. Akanitania: "Tungekuwa na umoja wa wafagiaji, ungekuwa mwenyekiti wangu." Nilimwambia ahame. Akauliza aende wapi.

Jumatano, 11 Aprili. 31.4

Saa kumi na moja alfajiri nilisikia kishindo kimoja, kisha kimya, kisha mbwa. Mvua ilikuwa imeshakatika. Nilipofika, ukuta ulikuwa umelala juu ya vyumba vitatu: cha tatu, cha nne na cha tano. Cha tatu kilikuwa kitupu. Katika cha tano alitolewa mwanamume akiwa hai, mguu umevunjika mahali pawili. Cha nne tulichimba kwa masufuria na mikono mpaka saa moja na nusu. Fundi viatu alikuwa kitandani. Mkewe alikuwa ametoka dakika kumi kabla kuwahi foleni ya bomba, na alirudi na ndoo imejaa. Hakuimwaga. Aliiweka chini taratibu, akauliza nani amemfunika uso.

Nilikitazama kipande kilichoanguka. Kina urefu wa basi. Nondo nilizoziona zimechomoza ni tatu, nyembamba kama penseli. Matundu ya kutolea maji hayakuwapo hata moja. Ukuta usio na matundu ni birika lisilo na mdomo: maji yanajaa nyuma yake mpaka yanatafuta njia.

Saa tatu nilikuwa kwenye kipima. Mikono ilikuwa na tope, nikainawa kwanza. Nilipima mara mbili. Milimita 31.4. Nikaandika kwenye mstari wa tarehe kumi.

Saa tano walifika wakubwa. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa wameshaanika magodoro. Meya alivaa miwani myeusi, Mhandisi wa Mji alimshikia mwavuli wa kivuli, Zege alisimama nyuma yao akijifuta jasho. Mpiga picha wa gazeti aliwapanga mbele ya kifusi. Meya akasema mvua ya usiku wa kuamkia leo haijawahi kuonekana, na kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Nina vipimo vya miaka ishirini na miwili. Mvua kubwa kuliko zote ilikuwa 97.2, na siku ile kilichoanguka ni mpapai wa jirani. 31.4 haimo hata kwenye mvua hamsini za juu.

Alhamisi, 12 Aprili. 0.0

Mstari wa tarehe kumi na moja: sifuri. Tumemzika fundi viatu. Gazeti limetoka, picha ukurasa wa kwanza, miwani inang'aa. Maandishi: "Mvua ya karne". Nimelinunua.

Jumamosi, 14 Aprili. 3.5

Mkwe wangu amekuja peke yake, bila mwanangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alikaa ukingoni mwa kiti. Alizungumzia bei ya mafuta ya taa, afya yangu, paa langu. Nikamwambia aseme kilichomleta, kwa sababu nina nguo za kupiga pasi.

Alisema imeundwa tume ya uchunguzi ya watu watatu kutoka nje ya mji. Tume itataka rekodi ya mvua. Wakubwa zake wanaona labda asubuhi ile, katika ile taharuki, niliruka tarakimu.

"Moja tu, mama. Mbele ya thelathini na moja. Kalamu ikiteleza inateleza."

"Nani amekutuma?"

"Nimetumwa na kazi."

Nilimwambia nilipima mara mbili. Akasema anajua. Nikamwambia kilichobaki cha ukuta kiko juu ya watoto mia na kumi na wanane, na kwamba tume ikisema ni mvua, ukuta utahesabika kuwa mzima. Alitazama viatu vyake. Akasema hilo nalo analijua. Kisha akaaga kwa heshima zote, akafunga mlango polepole kama wa mgonjwa.

Kabla ya leo nilidhani ni mpole. Leo nadhani ni mwoga. Naandika tarehe, kwa sababu maoni nayo hubadilika.

Jumatatu, 16 Aprili. 9.9

Mwalimu Mkuu ameniomba daftari la vipimo ili alihifadhi ofisini kwake, kwa usalama. Nimemwambia liko salama. Akauliza wapi. Nikamwambia kama ningesema lisingekuwa salama. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyetumwa dukani akakuta limefungwa, akafurahi.

Jumanne, 17 Aprili. 14.2

Njiti tatu.

Alhamisi, 19 Aprili. 22.8

Jana mchana kokoto ziliporomoka juu ya bati la Darasa la Kwanza. Mwalimu Mkuu alitoka ofisini, akasimama kwenye mvua akiutazama ukuta, shati limemganda. Kisha akaenda mwenyewe kwenye kengele, akaigonga isivyo saa yake. Aliwahamisha watoto wote wa madarasa matatu kwenye ukumbi. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Leo wamesomea sakafuni, kila mwalimu na pembe yake, wa hesabu na wa kusoma wanashindana sauti. Nimefagia ukumbi mara nne.

Jioni aliniambia, bila kunitazama, kwamba ana miaka mitatu kabla ya kustaafu na alikusudia kuipitisha kimya. Nilimpa taulo.

Jumapili, 22 Aprili. 1.1

Mwanangu amekuja. Ameniuliza kama nataka wale mvua. Mumewe ameambiwa kazi yake iko kwenye kalamu yangu. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Ana haki ya kuogopa, ana watoto wawili. Nilimuuliza kama angewapeleka hao wawili Darasa la Kwanza pale shuleni. Akasema simtendei haki kuuliza hivyo. Aliondoka bila chai.

Alhamisi, 26 Aprili. 0.0

Hakuna.

Jumatatu, 30 Aprili. 5.7

Mwalimu Mkuu amepokea barua. Ukuta uliobaki "umekaguliwa kwa macho" na Mhandisi wa Mji na ni imara. Kilichotokea kilisababishwa na mvua isiyo ya kawaida, kama rekodi zitakavyothibitisha. Watoto warudi madarasani ifikapo Jumatatu, tarehe 14 Mei. Asiyetekeleza atachukuliwa hatua.

Kama rekodi zitakavyothibitisha. Hawajaiona fomu yangu ya Aprili. Nimeijaza leo, umebaki mstari mmoja wa kesho asubuhi.

Jumanne, 1 Mei. 2.2

Nimepeleka fomu mwenyewe na kudai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Aliyepiga muhuri ni mkwe wangu. Aliisoma fomu kutoka juu kabisa hadi chini, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Akasema, "Asante, mama."

Alhamisi, 3 Mei. 0.4

Uhamisho. Shule mpya iko safari ya saa sita kwa basi, niripoti Jumatatu tarehe saba. Sababu: "mahitaji ya kazi". Sikujua nchi ina upungufu wa wafagiaji.

Ijumaa, 4 Mei. 0.0

Nimekwenda kwa katibu wa tume, ambaye amepewa chumba nyuma ya maktaba. Nilimwambia nina ushahidi na nina barua ya uhamisho. Alisoma barua, akatazama tarehe, akaniuliza kama mimi ndiye Mama Mvua. Kumbe, ingawa yeye si wa mji huu, mpwa wake anasoma kwetu. Ameniandikia hati: shahidi haondoki mjini mpaka asikilizwe. Jumatano tarehe tisa.

Jumatatu, 7 Mei. 12.0

Sikuripoti kokote. Nimefagia, nimepima.

Jumatano, 9 Mei. 0.0

Nilipima saa tatu kamili, kisha nikaenda. Ukumbi wa maktaba ulijaa. Wapangaji wa vile vyumba walikaa mbele, mjane wa fundi viatu kati yao. Tume ina mwenyekiti ambaye ni jaji mstaafu anayesikia vizuri kuliko anavyojifanya, katibu, na mhandisi mwanamke mwenye mvi ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo.

Wakili wa Zege alianza na mimi kwa upole. Aliniuliza elimu yangu. Nikasema darasa la saba. Aliniuliza kazi yangu. Nikasema kufagia.

"Kwa hiyo unafagia, na pia unapima mvua."

"Kwa zamu. Naanza na ufagio."

Watu wakacheka, hata jaji. Wakili naye akacheka, kwa kuwa alikuwa na karatasi mkononi. Alisema daftari la mfagiaji ni kitu cha kuheshimika, lakini tume inayo rekodi rasmi ya ofisi za mji, fomu ile ile, imepigwa chapa, ina sahihi ya Mhandisi wa Mji na muhuri. Akaisoma: tarehe 11 Aprili, milimita 131.4. Akauliza kama nakubali kwamba niliruka tarakimu.

Niliomba kuiona. Akaona haina madhara, akanipa. Nilitafuta kwa kidole. Mstari wa tarehe kumi na moja: 131.4. Mstari wa tarehe kumi: 31.4.

Niliisoma mara mbili, kama ninavyopima. Kisha nikamrudishia, nikamwomba atusomee maneno yaliyo juu kabisa ya fomu, pale penye herufi ndogo.

Alisita. Jaji akamwambia asome.

"Kipimo cha saa tatu asubuhi," akasoma wakili, "kiandikwe kwenye tarehe ya jana."

Nikaeleza. Mvua niliyoikuta asubuhi ya tarehe kumi na moja, ile ya usiku ukuta ulipoanguka, iko kwenye mstari wa tarehe kumi. Hiyo ni 31.4, na kwenye karatasi yao pia ni 31.4. Hawakuigusa. Mstari wa tarehe kumi na moja ni mvua iliyoanza kupimwa saa tatu asubuhi ya siku hiyo mpaka saa tatu ya kesho yake; kwenye nakala yangu, yenye muhuri wao, hapo pana sifuri.

"Kwa karatasi hii," nikasema, "mvua ya karne ilikuja wakati fundi viatu ana saa nne tangu afe."

Wakili akasema kila mtu anajua usiku wa kuamkia tarehe kumi na moja ni wa tarehe kumi na moja. Nikamwambia kwa harusi na mazishi, ndiyo. Kwa fomu, hapana, na fomu ni ya kwao.

Hapo nikatoa gazeti la tarehe kumi na mbili na kulifungua mezani. Meya, saa tano asubuhi, tarehe kumi na moja, miwani ya jua. Mhandisi wa Mji na mwavuli wa kivuli. Nyuma yao magodoro yameanikwa. Nikasema, kama ilinyesha milimita mia moja thelathini na moja siku hiyo, basi hao wakubwa wana ngozi ya bata.

Mhandisi mwenye mvi akavuta gazeti, akavua miwani yake, akalitazama karibu kabisa. Hakuwa akitazama watu. Alikuwa akitazama kifusi. Akazungumza kwa mara ya kwanza.

"Hizi nondo ni tatu, au macho yangu?"

"Tatu," nikasema. "Nilizihesabu siku ile."

"Na matundu ya maji?"

"Hakuna."

"Na upande wa shule?"

"Ukuta ni mmoja, fundi ni mmoja. Ufa sasa unaingia njiti nne."

Akaandika. Wakili alisema hana swali jingine.

Alhamisi, 10 Mei. 7.3

Mkwe wangu amesimamishwa kazi. Barua inasema "kosa la uchapaji lililoitia ofisi aibu". Mhandisi wa Mji amesema alitia sahihi bila kusoma, kwa kumwamini karani.

Nimekwenda nyumbani kwa mkwe wangu. Nilimkuta amekaa nje, amevaa shati la kazini. Nikamuuliza alipewa nini cha kuandika na nani. Akasema Mhandisi wa Mji alimpa kipande cha karatasi: "tarehe 11, weka 131.4".

"Uliijua kanuni," nikamwambia. "Nilikueleza mwenyewe."

"Niliambiwa kumi na moja, mama. Nikaandika kumi na moja."

"Ulikosea, au hukukosea?"

Alinitazama usoni. Nadhani ni mara ya kwanza tangu amuoe mwanangu.

"Andika nilikosea," akasema.

Nimeandika alivyosema. Kile kipande cha karatasi alikichoma, kama alivyoagizwa. Mwanangu hakutoka ndani.

Ijumaa, 11 Mei. 0.0

Amri ya tume: mtoto yeyote asirudishwe chini ya ukuta. Ukuta utobolewe na kukaguliwa mbele ya mhandisi wa tume. Mwalimu Mkuu alinisomea amri hiyo mlangoni mwa ukumbi, akaisoma tena, sauti ya juu zaidi, wakati walimu wamekusanyika. Uhamisho wangu umesitishwa "hadi itakapoamuliwa vinginevyo".

Jumatatu, 14 Mei. 3.0

Siku waliyotakiwa kurudi. Wako ukumbini. Wa hesabu ameshinda kwa sauti.

Jumamosi, 19 Mei. 10.5

Mwanangu ametuma sufuria yangu aliyoiazima mwaka jana. Sijui maana yake. Imesuguliwa vizuri.

Jumanne, 22 Mei. 0.0

Wametoboa sehemu sita. Kwa mchoro, nondo zilipaswa kuwa kila shubiri. Mhandisi mwenye mvi alipima kwa rula, kisha akapima kwa hatua: ziko kila hatua moja na nusu. Katika tundu la tano walikuta mfuko wa saruji, mtupu, umekunjwa na kujengewa ndani. Alimuuliza Zege ni wa nini. Zege akasema mafundi ni watu wa utani.

Jumamosi, 2 Juni. 0.0

Ukuta wa shule umebomolewa. Walileta watu wanne na nyundo. Walianza saa mbili, na saa nne na robo walikuwa wamekaa juu ya vipande wakinywa maji. Mmoja aliniuliza kama kweli huu ndio uliohitaji mvua ya karne. Nikamwambia ndivyo ilivyothibitishwa kwa muhuri.

Alhamisi, 14 Juni. 0.0

Ripoti ya tume imetoka. Katibu alimpa Mwalimu Mkuu nakala, naye akanipa nimpelekee mjane, kwa kuwa anajua tunachota maji bomba moja. Siku hizi mjane anaishi kwa dada yake na ameanza kushona viatu mwenyewe, kwa zile sindano za mumewe walizozichimbua. Nilimsomea nimesimama mlangoni.

Chanzo cha kuanguka kwa ukuta ni ujenzi mbovu na usimamizi hafifu. Mvua haikuwa ya kipekee. Wakazi wa vyumba wasiondolewe, bali ukuta uliobaki nyuma yao nao ubomolewe. Wahusika wachukuliwe hatua.

Aliniuliza kama ndio mwisho. Nikamwambia ndiyo, kuna sahihi tatu. Aliuvuta uzi, akaukata kwa meno.

"Wahusika ndio nani?"

Nikapitia kurasa zote. Neno lipo mara tisa. Jina la Zege lipo kama "mkandarasi". La Mhandisi wa Mji halipo. Jina kamili, pamoja na namba ya ajira, ni moja tu: la mkwe wangu.

Zege tayari analaza mabomba ya soko jipya. Nimepita nikaona ubao wake.

Jumamosi, 16 Juni. 0.0

Mwanangu amekuja. Alikaa jikoni, akachambua mchele bila kuombwa. Mwishowe akasema wote wamesalimika isipokuwa aliyeandika. Ni kweli. Nilimwambia Jumatatu naenda ofisi za mji na mjane, kuuliza majina. Akasema tutatolewa nje. Nikasema tutatolewa Jumatatu, Jumanne je? Akaendelea kuchambua. Baadaye akauliza tunaondoka saa ngapi, ili amwamshe mumewe.

Jumatatu, 18 Juni. 0.0

Msimu umekwisha. Ni siku ya kumi na tisa bila tone. Nilipima saa tatu, nikafunga kipima, Mwalimu Mkuu akaniambia niende, leo uwanja ataufagia yeye. Sijauona bado alivyoufagia.

Mkwe wangu alitusubiri barabarani, amevaa shati lile la kazini. Ana taarifa yake kurasa mbili, ameiandika kwa mkono: nani alimpa karatasi, siku gani, saa ngapi, kwenye mlango upi. Ameitia sahihi. Nimemuuliza kama anajua itakavyomgharimu. Akasema hana kazi nyingine ya kupoteza.

Tuliingia idara ya ujenzi saa nne kasoro. Kuna benchi refu mkabala na mlango wa Mhandisi wa Mji. Mkwe wangu alikaa mwisho upande ule, mimi mwisho upande huu, heshima ikiwa katikati, na mjane akakalia heshima hiyo na kikapu chake. Ndani ya kikapu kulikuwa na maji, ripoti, na viatu vitatu vya wateja. Akatoa kimoja, akaanza kushona.

Makarani walimtazama mwenzao wa zamani, wakainama kwenye makaratasi. Kila aliyepita aliharakisha. Saa tano mlango ulifunguliwa kidogo na kufungwa tena. Saa sita karani mpya, binti aliyekalia kiti cha mkwe wangu, alikuja na kitabu cha wageni. Aliuliza kwa adabu tuna miadi na nani. Nikasema hatuna. Akauliza basi tunamsubiri nani, kwa sababu lazima ajaze.

Mjane hakuinua macho kutoka kwenye kiatu.

"Wahusika," akasema.

Binti aliandika. Nilitazama: ameliandika vizuri, kwenye safu ya majina.